Barua ya Wazi kwa Walinzi wa Muziki Halisi wa Eastlands

Kwenu nyote mnaoketi kwenye mahojiano ya redio, kwenye hafla za hip hop na kwenye base za Dandora, Kariobangi, Kayole na Umoja, mkiamua msanii yupi ni wa ukweli na yupi ameuza sura.

Wakubwa zangu,

Mimi ni mama wa Eastlands, mzaliwa wa Jericho, mkazi wa Umoja, kazi yangu kusuka nywele. Sina redio, sina studio, na sijawahi kushika maikrofoni isipokuwa kwenye harusi ya binamu yangu, nilipoambiwa niseme machache nikasema mengi. Lakini masikio ninayo, na yamekuwa kazini tangu enzi za kaseti. Naomba mnivumilie.

Naijua kanuni yenu. Kijana wa mtaa akitoa wimbo ukashika, video ikatazamwa, kampuni ya simu au ya bia ikamtundika kwenye bango la Jogoo Road, hapo ndipo mnamwekea kikao. Anatoka mtaa gani hasa? Amewahi kulala njaa? Nani anamlipa? Akiteleza kwenye swali moja tu, kwisha: ni wa biashara, ni plastiki, hana mtaa ndani yake. Asiyepata bango wala senti ndiye halisi, na huyo mnamsifu sana, mara nyingi akiwa ameshazikwa.

Nawaomba mtihani huo muuache. Siombi kwa sababu biashara ni malaika. Nitaifikia biashara, na sitaifichia aibu yake. Naomba kwa sababu mashujaa wenu wenyewe wasingeupita, na kwa sababu miaka yote mliyouliza kama msanii ni wa ukweli, hamkuuliza amelipwa nini.

Tuanze na hao mashujaa. Kalamashaka walipotoa "Tafsiri Hii" mwaka 1997, nilikuwa msichana wa shule ya msingi. Mnazikumbuka redio za wakati ule. Capital FM ilikuwa imefunguliwa mwaka uliotangulia, na ukiifungulia ungedhani watangazaji wametua jana kutoka New York. Halafu wakaingia vijana watatu wa Dandora na Kiswahili chetu, kile chenye vumbi la stage na kelele za makanga, wakazitaja shida zetu bila kuomba radhi. Nywele zilinisimama. Hakuna neno katika barua hii linalokusudia kuwapunguzia Kama, Vigeti na Oteraw hata chembe ya heshima yao.

Vita vilikuja miaka michache baadaye. Ogopa DJs wakaleta midundo ya kuchezeka, na jina la studio likawa linatamkwa ndani ya nyimbo ili usisahau zimetoka wapi. Upande wa Eastleigh, mtaa wa California, Clemo na wenzake wakaanzisha Calif Records, na mtindo wa genge ukazaliwa pale. Ninyi mkakusanya kila kinachochezeka mkakitia gunia moja na kuliandika kapuka. K-South wa Kariobangi South walitoa hata wimbo mzima wa kejeli, "Kapuka This". Jericho yetu iligawanyika. Kulikuwa na wavulana ambao ungewapoteza kabisa kama wangekukuta ukiimba wimbo wa Ogopa ukifua nguo.

Sasa nielezeni habari ya E-Sir. Jina lake Issah Mmari, kijana wa South C, mtaa ambao haupo Eastlands na haujulikani kwa njaa. Alirekodi Ogopa, ngome yenyewe ya biashara. Nyimbo zake nyingi zilikuwa za dansi, za wasichana na za kujisifu. Kwa mtihani wenu alikuwa amefeli maswali yote matatu kabla ya kuandika jina juu ya karatasi. Alipokufa kwa ajali ya barabarani Machi 2003, akiwa na miaka 21 tu, Eastlands ililia kama alizaliwa Makongeni, na leo hakuna orodha yenu ya magwiji inayomwacha nje. Kwa nini? Kwa sababu kijana yule alikiweza Kiswahili. Vina vyake vilitua mahali ambapo hukuvitarajia, pumzi haikumpungukia, na utani wake ulikuwa na akili. Mlimsamehe mtaa wake na studio yake kwa ajili ya kile alichokifanya na ulimi. Hicho ndicho kipimo! Mlikuwa nacho mkononi tangu 2003, mkakitumia mara moja, mkakirudisha kabatini.

Au chukueni Circute na Jo-el, vijana wa Calif, na nyimbo zao "Manyake" na "Juala". Mliziita takataka. Mimi nazikumbuka vingine. Rais Moi alikuwa ametangaza UKIMWI kuwa janga la taifa Novemba 1999, na tangu hapo tulihubiriwa kila siku kwa sauti ya mazishi: mabangoni, shuleni, kanisani. Halafu wavulana wawili wakaja kuimba juala, jina la mtaani la kondomu, kwa mdundo ambao hata mama za watu waliutingishia bega kabla ya kushtuka na kuuliza huo ni wimbo gani. Hakukuwa na ukombozi wowote ndani yake. Kulikuwa na Jumamosi alasiri ya Eastlands jinsi ilivyokuwa: woga, tamaa, mzaha, vyote kwa pamoja. Kama hiyo si kumbukumbu ya kweli ya mtaa, basi mtaa wenu na wangu ni miwili.

Mnaposema sura ni kitu kinacholetwa na watu wa matangazo kutoka Westlands, huwa nacheka, maana mnayasema hayo mkiwa mmesimama stage mkingoja nganya. Matatu tatu za ruti ya 58 zimepita, viti vipo, nauli ile ile, na hamkupanda kwa sababu hazina picha wala taa. Mnangoja ile iliyotoka karakana juzi, yenye uso wa rapa wa Marekani ubavuni, televisheni nyuma ya dereva, na besi inayotikisa meno. Mwenye gari ametia mamilioni kwenye bodi, na baada ya miezi kadhaa ataifuta sura hiyo achore nyingine kwa sababu ya kwanza imechuja. Hiyo ni biashara, tena mbichi. Ni sanaa yetu pia, kuliko nyingi tunazojisifia mbele ya wageni. Februari 2004, sheria za matatu za Waziri Michuki zilipoanza, mikanda na vidhibiti mwendo viliokoa maisha, sibishi. Lakini michoro ilifutwa, ukabaki mstari wa njano, na tulichukia, ninyi mkiwa wa kwanza. Sikumsikia hata mmoja wenu akisema heri, sasa matatu zimekuwa halisi.

Watu tunaopenda pambo hivyo hatuwezi kumshtaki kijana kwa kujipamba.

Najua mtanitajia Buruklyn Boyz. Mtasema: hawa watoto wa Buru wanaimba drill, wamefunika nyuso, wanatisha watu, na nyumba zao wazazi walizinunua kwa mkopo wa halali. Ni kweli. Buruburu ilijengwa kuanzia miaka ya 1970, awamu kwa awamu hadi zikawa 5, kwa watu wenye mishahara ya kueleweka. Na drill ilizaliwa Chicago, ikapita London ikabadilika, ndipo ikafika huku. Basi? Daudi Kabaka alipoitwa mfalme wa twist miaka ya 1960, twist ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Marekani. Yeye na wenzake wakaichanganya na gitaa za huku, na kufikia 1968 Waingereza wenyewe, bendi ya The Tremeloes, walikuwa wakiirekodi "Helule Helule" yake. Sijasikia kwamba kuna mtu alimwuliza Kabaka cheti cha kuzaliwa cha twist.

Swali langu kwa vijana wa Buru ni jingine. Wakishakopa hasira ya watu wa London, wanaitumia kuona nini hapa? Nyakati nyingine wanaona kitu, na nasikiliza wimbo mara tatu mfululizo. Nyakati nyingine ni London tupu iliyopakwa Sheng, na hapo nazima. Lakini nazima kwa sababu ya wimbo. Nyumba ya baba yao hainihusu.

Na tusiwasahau Camp Mulla, wale watoto wa mababi, walioteuliwa kuwania tuzo za BET mwaka 2012. Mliwacheka kwa Kiingereza chao. Mimi sikuwa shabiki, nyimbo zao ziliniona mdogo. Lakini hawakujifanya watu wa Kayole. Waliimba sherehe za watoto wenye pesa kwa sababu sherehe hizo ndizo walizozijua. Kwa kipimo chenu cha kuimba maisha yako mwenyewe, walistahili alama nzuri kuliko kijana wa Donholm anayeimba bunduki aliyoiona kwenye filamu. Hamkuwapa.

Sasa nije kwa jambo mtakalonikasirikia. Umaskini nao ni sura, na una wanunuzi wake.

Tazameni Dandora. Ilianza mwaka 1975 kama mradi wa jiji na Benki ya Dunia: viwanja 6,000 vilivyopimwa, vyenye maji, choo na barabara, mtu ajijengee mwenyewe kidogo kidogo. Na watu walijenga. Kuna shule pale, makanisa, misikiti, kwaya, hardware kila kona, akina mama wenye chama kilichonunua ploti mbili huko Ruai. Lakini mpiga picha wa ng'ambo akishuka Dandora hataki chama. Anataka jalala, moshi ukiwa nyuma na wale ndege wakubwa wa taka wakiwa juu. Nimetazama picha za wasanii wa Dandora kwa miaka, na ukizifuata hizo utaamini kwamba hakuna hata mmoja wao mwenye sebule, kochi lenye vitambaa na mama anayemwuliza atarudi saa ngapi.

Mwaka 2004 wafadhili wa Uholanzi waliwasaidia marapa wengi wa Eastlands kurekodi "Kilio cha Haki". Miaka miwili baadaye Ukoo Flani Mau Mau wakatoa "Dandora Burning". Ni kazi ninazozipenda, na msaada ule ulifungua mlango ambao wauza kaseti wa River Road hawakuufungua. Lakini tusidanganyane: kilio kilikuwa na soko lake Amsterdam, jinsi manyake yalivyokuwa na soko lake kwenye disko za mjini. Kila mmoja alivaa alichojua kinanunuliwa. Sijawahi kuona ubalozi uliofadhili wimbo wa mapenzi kutoka Dandora, ingawa Dandora watu hupendana na kuachana kila wiki. Najua, kwa maana mimi huwasuka.

Hapo saluni kwangu kuna sheria moja: aliye kitini ndiye mwenye Bluetooth. Rasta ndogo ndogo huchukua saa sita, wakati mwingine na zaidi, na hakuna binadamu anayeweza kuigiza kwa saa sita. Saa ya kwanza ni ya maonyesho. Mteja anacheza anachotaka tujue kwamba anakisikiliza, na mara nyingi ni Wakadinali, maana hao ni wa Umoja hapa hapa na kila msichana ana binamu anayedai alisoma nao. Saa ya pili na ya tatu ni Bongo: Zuchu, Diamond, wale wale. Ikifika saa ya nne kichwa kinauma, njaa imeingia, chai imeletwa na mandazi, mikono yake imechoka kushika simu, na simu inajichagulia yenyewe. Hapo ndipo anatoka Rose Muhando. Anatoka Kanda Bongo Man wa baba yake. Anatoka Kenny Rogers, ndiyo, Kenny Rogers, na msichana wa chuo mwenye tatuu shingoni anauimba wimbo wa yule mcheza kamari kuanzia mwanzo hadi mwisho, macho yamefungwa, na mama wa kiti cha pili anampokea. Ninyi mngemwita wa ukweli saa ya kwanza na mwongo saa ya nne. Mimi naona ni kichwa kile kile, ila nusu yake bado haijasukwa.

Kaka yangu mkubwa alikuwa mmoja wenu. Jericho yote ilimjua kwa buti za Timberland za Gikomba alizozivaa hata Januari, lami ikiyeyuka, na kwa kukataa kucheka kwenye picha. Ukutani alibandika Wu-Tang Clan. Chini ya godoro alikuwa na kaseti ya Celine Dion, karatasi yake imebanduliwa, na juu yake ameandika kwa kalamu ya wino: NAS. Niliijua siri hiyo kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nikimwibia betri za Walkman. Leo anaendesha lori la mizigo hadi Malaba na ameniruhusu kusema, mradi nisimtaje jina.

Tumeshaicheka kaseti ile mara nyingi katika familia. Lakini nikiifikiria peke yangu inanisumbua. Mwaka ule baba yetu alikuwa amepoteza kazi, na kijana wa miaka kumi na saba alikuwa na huzuni kubwa kuliko yeye. Alikuwa ameshafundishwa kwamba uchungu wa kweli ni wa mtu aliyekunja uso, kwamba mwanaume wa Eastlands halii na mwanamke wa Canada. Kwa hiyo ilimbidi huzuni yake aisikilize usiku, kwa jina la mtu mwingine. Nani alimfundisha hivyo? Si kampuni ya matangazo, kwa maana wakati ule kampuni hazikujua njia ya kufika Jericho. Ni ninyi, wakubwa wa base.

Orodha yangu mimi, msije mkasema nimejificha: Kalamashaka, E-Sir, gitaa la Les Wanyika, Mejja akiwa anasimulia mikasa yake, Westlife wote bila kubagua. Nyimbo za injili za Kikamba nazipenda na Kikamba chenyewe sikijui. Drill nyingi sizipendi, na reggae ya Jumapili asubuhi kwenye matatu nimeichoka tangu nikiwa kidato cha pili.

Kuna jambo baya zaidi ambalo mnalifunika kwa neno hilo halisi, nalo siwezi kulitania. Ethic, vijana wa Umoja, walipotoa "Lamba Lolo" mwaka 2018, nilifurahi kuliko ilivyofaa mtu wa umri wangu. Video ya bei rahisi, ploti za kawaida, vijana wamevaa walivyoamka. Baada ya miaka ya redio zetu kutulisha Nigeria na Bongo kutwa kucha, mtaa ulikuwa umerudi hewani bila kubisha hodi. Mwaka uliofuata Boondocks Gang wakaja na "Rieng", Sailors na "Wamlambez", na gengetone ikajaa kila matatu. Halafu Novemba 2019 Ethic hao hao wakatoa "Tarimbo", wimbo uliosimulia ukatili kwa mwanamke kana kwamba ni mchezo wa jioni. Watu walipiga kelele, Bodi ya Filamu chini ya Ezekiel Mutua ikaushutumu, wimbo ukaondolewa YouTube na kundi likaomba radhi.

Mimi sikuwa mpenzi wa bodi hiyo, iliyokuwa imepiga marufuku filamu ya "Rafiki" mwaka mmoja kabla. Lakini ninyi niliwasikia. Mlisema vijana wanaimba wanachokiona, kwamba hiyo ndiyo hali ya mtaa, kwamba wasiotaka wakasikilize nyimbo za ubabi. Wanawake wanaokaa kwenye kiti changu wanaiona hali hiyo pia. Yuko anayekuja na uvimbe chini ya jicho na kuniomba nimwachie nywele za mbele zishuke kidogo. Huyo hakuulizwa wimbo uweje. Mlichukua sauti ya mwenye ngumi mkaiita sauti ya mtaa. Jambo kutokea kweli hakumpi mtu leseni ya kulichekelea, na kama muziki halisi ni huo, basi nibakishieni plastiki.

Mwaka 2020 Femi One alipotoa "Utawezana" na Mejja, mkasema ni wimbo wa TikTok. Sawa, ulichezwa sana TikTok. Lakini pale saluni wateja waliujua wote kabla mwezi haujaisha, wasichana na wamama, kwa sababu safari hiyo anayetamba alikuwa mwanamke, kwa ulimi wake, na mwanaume ndiye aliyekuwa akiulizwa kama ataweza. Mnasema mnatafuta ukweli wa mtaa. Nusu ya mtaa ni wanawake, na hamjawahi kuwafanyia hata mtihani, achilia mbali kuwapa alama.

Nimeahidi kuifikia biashara. Adui hakuwa mdundo wa kuchezeka. Kaseti na CD zilinakiliwa River Road zikauzwa mchana kweupe bila mwenye wimbo kuona shilingi, awe mwanamapinduzi au mcheza dansi. Vijana wametia sahihi mikataba waliyosomewa na mtu yule yule aliyewaletea kalamu. Mwaka 2019 chama cha hakimiliki za muziki, MCSK, kiliwagawia wanamuziki wake mirabaha ya takribani shilingi 2,500 kila mmoja, na wengi wakaanika hasira zao mitandaoni. Kwa bei za Umoja hiyo ni kichwa kimoja cha rasta, nywele zikiwa ndani ya bei. Wa ukweli na wa plastiki walipata mgao ule ule. Siku ile ndiyo mlipaswa kuandamana, na siku ile mjadala wenu, niliousikia kwa masikio yangu kwa kinyozi wa mlango wa pili, ulikuwa kama gengetone ni hip hop au si hip hop.

Wakati huo huo watu wa matangazo wameshaijua njia ya Eastlands. Sheng inayobuniwa Kayole Jumatatu iko kwenye bango la benki kabla ya mwezi kwisha, inatamkwa na mwigizaji ambaye hajawahi kushuka Mutindwa. Anayelipwa hapo ni mwigizaji, wakala na mwenye bango. Kama mnataka kupigana na sura ya kununuliwa, vita hivyo vipo na vina haja ya watu wenye majina kama yenu. Lakini ninyi mnamshambulia yule kijana mmoja aliyebahatika kulipwa.

Basi ninawaomba hivi. Safari nyingine mkimleta kijana wa Umoja au Huruma redioni, swali la kwanza lisiwe anatoka wapi. Muulizeni mkataba wake ulisomwa na nani. Muulizeni rekodi asilia ya wimbo iko kwa nani, na jina la nani limeandikwa kama mtunzi. Muulizeni msichana aliyeimba kiitikio anaitwa nani na alipewa ngapi. Hilo swali litawapa ukimya mrefu studioni, uacheni hivyo hivyo hewani. Ninyi wenye majina tangu miaka ya 1990, mnaojua ni wapi mlipoibiwa, mwelezeni kijana huyo makosa yaliyokuwa kwenye karatasi zenu, kifungu kwa kifungu. Hilo hakuna mwingine anayeweza kumfundisha. Na kaseti zilizo kwenye makatoni yenu, zile zisizokuwa na nakala popote, zitoeni zihifadhiwe, pamoja na zile za kapuka mlizozinunua kwa siri.

Kuhusu masikio yenu wenyewe, sitaki kiapo. Lakini wengi wenu mna dredi, na kurekebisha dredi ndefu ni saa tatu nne hivi. Jumanne huwa sina wateja wengi. Njooni na simu zenye chaji. Sheria ya Bluetooth mmeshaisoma hapo juu, na haibadiliki kwa ajili ya mtu mashuhuri.

Wenu,
Msusi, Umoja One